Mgonjwa Alivumilia Vizuri

Garsen, Ijumaa jioni

Mwanangu Batuli,

Salamu tutapeana kesho mlangoni, kwa hiyo hapa nazipita. Umekwenda Kipini kumuaga bibi yako na najua hutarudi mapema, maana bibi yako hajui kuagwa kwa ufupi. Babako yuko msikitini. Sanduku lako liko kitandani, umelifunga kamba mara tatu kana kwamba lina nia ya kutoroka. Nimekaa mezani na daftari la zahanati, kwa kuwa sikupata karatasi nyingine.

Sitakuambia ule vizuri, wala uswali kwa wakati, wala ujiepushe na watu wa maneno maneno. Hayo umeyasikia tangu ulipoota meno, na kama hayakuingia hadi leo barua haitayatia. Nina jambo moja tu. Nimelikalia miaka kumi na mitano, na wiki mbili zilizopita, kwenye meza hii hii, ulinionyesha kwamba haliwezi kungoja tena.

Ulikuwa ukimsimulia babako mtihani wako wa vitendo, ule wa kumnyonya makohozi mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia. Ulisema mwalimu alikusifu kwa utulivu wa mkono. Ukacheka, ukasema, "Nilimwambia mamangu alinifunza tangu niko mdogo. Ukiingiza mrija, shika pumzi yako. Ukiona wewe wataka kupumua, na mgonjwa ataka kupumua. Toa." Babako akafurahi mno. Mimi nikainuka kwenda kutazama wali ambao ulikuwa umeiva zamani. Ulidhani nimeona haya kusifiwa.

Ni kweli nilikufunza. Nilipokuwa nikija likizo kutoka mjini tulikuwa tukicheza mchezo huo, mimi na wewe, mashavu yamevimba, nani atakayeshindwa kwanza. Nikakuambia ndivyo mama anavyofanya kazini. Ulikuwa darasa la pili. Baadaye nilijua mchezo ule ni kitu gani, na sikukuambia, kwa sababu kukuambia kungenilazimu kueleza nimejuaje. Sasa Jumatatu unaanza kazi kwenye wodi ya mahututi, mrija mkononi, na kipimo unachokwenda nacho ni changu. Kwa hiyo usome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Unajua nilivyolelewa. Babu yako alikuwa akitega nyavu pale mto unapoingia baharini, na Tana ikifurika huleta magogo na visiki kutoka huko juu, vinazama mdomoni mwa mto, nyavu zinanasa. Wajomba zako walikuwa wakubwa wenye mikono mizito. Wakijaribu kuunasua wavu waliupasua. Basi ilikuwa kuniita mimi, "Ndoo, Saumu, shuka wewe." Nilikuwa nashuka na kamba kiunoni, naufungua wavu kwenye kisiki fundo kwa fundo, bila kuona kitu, kwa vidole tu. Bibi yako alikuwa akilia ufukweni kwamba mtoto wa kike ataliwa na mamba. Nilikaa chini mpaka walio juu wakaanza kutazamana. Ilikuwa sifa yangu kubwa, na kwa kweli hadi nilipofika ukubwani sikuwa na sifa nyingine ya kunitosha.

Nilipopelekwa wodi ya mahututi katika hospitali ya mjini (si hiyo unayokwenda wewe, na jina lake sitaliandika), nilikuwa nesi wa miaka minne kazini, mwenye mdomo na haraka. Aliyenipokea ni Sista Dama, Mgiriama mfupi wa sauti ya kukwaruza, mkubwa wa zamu yetu. Hakuna kati yetu aliyesomea mahututi. Yeye alifunzwa na aliyemtangulia, na huyo na aliyemtangulia. Tulijua mambo kwa mikono, na tukiulizwa sababu tulijibu kwamba ndivyo tulivyoyakuta.

"Saa usiitegemee weye," aliniambia siku ya kwanza, "saa ya ukuta hapa mara yaenda mara yalala. Shika pumzi zako. Zikikwisha, zake nazo zimekwisha."

Lilikuwa neno zuri, na lilikuwa na huruma ndani yake, na ndiyo maana lilipita kutoka mtu hadi mtu bila kuulizwa swali. Lakini Sista Dama alikuwa na pumu. Mvua ikinyesha hakuachana na dawa yake ya kuvuta. Pumzi zake zilifika sekunde kumi, kumi na mbili zikizidi, na ndizo sekunde zile zile zinazotakiwa na vitabu. Alikuwa akifanya sawa bila kujua kwa nini. Mimi nilikichukua kipimo chake nikakitia kwenye kifua kilichofundishwa kunasua nyavu.

Kwa miezi mingi hakuna lililotokea, au lilitokea nisilione. Mgonjwa akibadilika rangi tulisema hali yake ni mbaya, na ilikuwa kweli, hali zao zote zilikuwa mbaya. Wodi ile ina ubaya huo, mwanangu. Mgonjwa wa huko ukimwongezea madhara, madhara yanapata pa kujificha.

Komora alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Ndera, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono mipana. Aliumwa na fira shambani alfajiri. Aliyekuwa naye ni kaka yake, Jillo. Jillo akamfunga mguu, akamvusha mto kwa mganga mwenye jiwe la nyoka, lile jeusi linalobandikwa kwenye jeraha na kuachwa mpaka lidondoke lenyewe. Wakalingoja. Lilipodondoka ilikuwa adhuhuri na Komora hawezi kufumbua macho. Alipofikishwa kwetu alikuwa hapumui mwenyewe. Akachomwa sindano za kuzuia sumu, akawekwa kwenye mashine.

Sumu ile hailazi akili, inalegeza misuli tu. Mtu anakuwa amelala kama maiti na yuko humo ndani, anasikia, anahisi, hana hata ukope wa kukujibu. Tulifundishwa hivyo darasani na tukasahau. Aliyejua ni mkewe, Halako. Alikaa pembeni yake akimpa habari za nyumbani kwa Kipokomo, ndege wamekula mpunga kiasi gani, mbuzi gani amezaa, na siku ya pili akaniita.

"Sista, huyu nasikia. Ona machozi."

Nikamwambia macho hutoa maji yenyewe. Akanitazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama aliyesoma akisema upuuzi. Siku ya nne asubuhi Komora alisogeza kidole. Daktari alisema sumu imeanza kuachia, na kwamba baada ya siku mbili tatu tutajaribu kumtoa kwenye mashine. Halako alikwenda kwenye ukumbi kuwapigia simu watu wa Ndera. Sauti yake ilisikika hadi ndani.

Hiyo siku ya nne ndiyo ninayokuandikia.

Tulikuwa manesi wawili kwa wagonjwa sita. Chati zetu zilikuwa na safu ya kunyonya makohozi kila baada ya saa mbili, mgonjwa awe nayo au asiwe nayo. Saa tatu nilimnyonya Komora nikapata kidogo sana. Saa tano kifua chake kilikuwa safi, ningemsikiliza ningejua. Sikumsikiliza. Chati ilisema saa tano, nami nilikwenda kwa sababu ya chati, kama mke anayepika kwa kuwa sufuria iko jikoni. Ile ni kazi ya kumwingiza mtu mrija ndani ya mapafu na kumnyang'anya hewa yake, Batuli. Haifanywi kwa kuwa saa imefika. Inafanywa pale tu anapoihitaji.

Kuna lingine, nalo linaniuma kuliko pumzi. Siku za kazi nyingi tulikuwa tukiandika mbele. Ukipata dakika ya kukaa asubuhi unajaza chati mpaka mchana, kwa kuwa maneno hayabadiliki: "Makohozi yamenyonywa. Mgonjwa alivumilia vizuri." Ya saa tano niliyaandika saa tatu na nusu, nikinywa chai. Komora alikuwa ameshavumilia vizuri kabla sijamgusa.

Nikamtoa Halako nje, kama ilivyokuwa desturi. Komora sikumwambia neno. Mirija myembamba ilikuwa imekwisha stoo, nikachukua mnene, ambao ukiingia ndani ya ule wa kupumulia unauziba karibu wote. Kuna kitufe cha kumwongezea mgonjwa oksijeni kabla ya kuanza. Unabonyeza na kungoja kidogo. Sikungoja. Nilibonyeza kingine, cha kunyamazisha kengele za mashine, kwa sababu zilikuwa zikilia kila tunaponyonya na zilitupigia kelele kutwa. Nikashika pumzi, nikaingiza mrija.

Chini kule ukakutana na kitu, nikadhani ni koho zito. Nilifurahi. Nikasema moyoni, nikilipata hili nitakuwa nimemsaidia. Nikawa naufuata taratibu, nauzungusha, mkono umetulia, kifua changu kimepoa. Nilikuwa nimerudi kwenye kisiki cha babu yako. Sikuwa na haraka, na sikuwa na haja ya kupumua hata kidogo.

Nilipoinua macho, mapigo ya moyo kwenye skrini yalikuwa thelathini na nne. Halafu ishirini. Halafu mstari.

Tulimkandamiza kifua, sijui muda gani. Daktari akaja, sindano zikaingia, moyo ukarudi. Lakini kidole hakikurudi. Daktari akauliza, "Alikuwa akifanyiwa nini?" Nikasema nimemaliza kumnyonya na alikuwa sawa. Akaivuta chati akasoma. Mgonjwa alivumilia vizuri. Akaiweka chini, akasema sumu imegusa moyo kwa kule kuchelewa kuletwa. Aliyasema hayo kwa sauti, na Halako alikuwa amesimama mlangoni akiyasikia. Ningeweza kusema pale pale. Mdomo wangu, ambao kila mtu hospitalini alikuwa akiulalamikia, siku hiyo haukufunguka.

Nimejaribu miaka yote kujitetea kwamba sikuandika uongo. Baada ya tukio sikuongeza hata herufi. Ni kweli, niliuandika kabla, nikauacha ulipo ukanifanyia kazi.

Komora alikaa siku tatu zaidi, akafa. Halako alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu atalipa wewe," aliniambia. "Wewe iliosha yeye kama mtoto."

Sista Dama hakuniuliza kitu siku ile moyo uliposimama. Kesho yake, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, alivua saa yake ya mkononi akanipa. "Shika pumzi," akasema. Nikashika. Mshale ulipozunguka karibu duara zima nilikuwa bado nimeishika, nimekaa namtazama. Aliinyang'anya ile saa mkononi mwangu. Akakaa kwenye benchi.

"Watu wangapi nimewafundisha vile?" alisema. Hakuwa akiniuliza mimi. Baada ya hapo hatukulitaja tena. Yeye aliogopa lake, mimi nikaogopa langu, na tukawa tunapishana kwenye ukumbi kama watu waliogombana. Alistaafu. Nasikia amekwisha kufa, Mungu amrehemu.

Sasa unajua kwa nini nilirudi Garsen. Wewe uliandika kwenye barua yako ya kuombea chuo kwamba mamako aliacha hospitali kubwa akaja kuwatumikia watu wa kwao. Ulinisomea, nikakusahihisha koma. Nilikimbia, mwanangu. Niliomba uhamisho kabla arubaini ya Komora haijafika, na nikapokelewa hapa kama shujaa.

Lakini mtu akikimbia kutoka mjini kuja Garsen hajakimbia watu wa Ndera, amewafuata. Mwaka haukwisha Halako akaja zahanati na mjukuu mwenye homa. Akanitambua. Akawaambia wote waliokuwa kwenye foleni, "Huyu ndiye alilinda mzee yangu mpaka mwisho." Tangu hapo kila akija soko la Garsen alikuwa akipita kwetu. Mchele wa kutwanga uliokuwa ukiupenda, ule mwekundu, na kambare waliokaushwa, vyote vilikuwa mkono wake. Ulikuwa ukimwita Mama Mchele. Ulikua kwa chakula cha mjane ambaye mimi ndiye niliyemfanya mjane. Nilikula, nikashukuru, nikamrudishia kikapu na sukari ndani, kwa kuwa si adabu kurudisha kikapu kitupu.

Angekuwa amenishukuru tu, huenda ningekufa na siri yangu. Lakini alinieleza mengine. Nyumbani kwao lilikuwa limekwisha kuamuliwa kwamba aliyemuua Komora ni Jillo, kwa jiwe lake. Wazee walimkataza kukanyaga uwanja wa nduguye. Watoto wa Komora wakimwona njiani hupita upande wa pili. Halako mwenyewe hakumsemesha tena. Ananiambia hayo akichambua samaki, na mimi najibu, "Mungu ndiye ajuaye." Fikiria. Nimejibu hivyo miaka kumi na minne. Kumsingizia Mungu ujuzi ambao ulikuwa wangu.

Usidhani nilikaa bure muda wote huo. Nilisoma. Nilikwenda kila semina iliyonipita karibu, nikanunua vitabu, nikajua kila kosa nililofanya saa ile na jina lake. Hapa hatuna mahututi lakini tuna mashine ndogo ya kuwanyonya ute watoto wachanga wanaozaliwa wakishindwa kulia, na manesi wote waliopita mikononi mwangu wanafanya kama nifanyavyo: tunahesabu kwa sauti. Nawe hesabu kwa sauti. Mwambie mtu kwa jina lake kwamba unamwingizia mrija, itauma, utahesabu hadi kumi na utatoa. Aliyelala pale akisikia "saba" anajua zimebaki tatu. Komora hakuwa na la kushika. Hakujua kama kuna mwisho.

Elimu ile ilinifanya nesi mzuri, na ilinidanganya. Nilidhani nikiwa mwangalifu kwa wengine wote, kile kimoja kitapungua. Hakikupungua. Jillo alikuwa anazeeka peke yake, na hakuna mtoto mchanga niliyemwokoa hapa aliyempunguzia upweke.

Halafu ukakaa mezani ukacheka, ukasema, "Mamangu alinifunza."

Alhamisi ya wiki iliyopita nilikuambia nakwenda chanjo vijijini. Nilikwenda Ndera. Nilipanda bodaboda, nikavuka mto kwa mtumbwi, nikamkuta Halako uwanjani kwake akipepeta mchele. Akainuka kunitandikia mkeka.

"Karibu, Sista. Leo mbona hukupiga simu?"

Sikukaa. Nilijua nikikaa ataleta chai, nikinywa chai sitasema. Nikasema nikiwa nimesimama, kama mtoto wa shule. Nilimwambia yote: mrija, kengele, pumzi, chati. Nilimwambia jiwe lilimchelewesha Komora lakini Komora alikuwa anapona, na mkono uliomrudisha nyuma ulikuwa wangu. Ungo ulikuwa mapajani mwake. Alikuwa akiokota chuya moja moja huku nikizungumza, na nilipomaliza akaendelea kuokota kwa muda.

"Alikuwa nasikia?" aliniuliza.

"Alikuwa anasikia."

"Wewe ilimwambia, Komora, mimi naweka mrija?"

"Sikumwambia."

"Mimi ulitoa nje."

"Nilikutoa."

"Mimi ningemwambia," akasema. "Kwa lugha yake. Yeye hangeogopa."

Nilidhani hapo nimefika mwisho wa uchungu. Akauweka ungo chini.

"Miaka yote hii umekula mchele yangu."

"Nimekula."

"Na mtoto wako."

"Na mtoto wangu."

Nilitaka anipige. Ningeshukuru. Alijifunga leso kiunoni, akavaa ndara zake, akasema, "Twende kwa Jillo. Utasema huko."

Tulipita kati ya migomba, yeye mbele. Ni mwendo mfupi, hata robo saa haufiki. Miaka kumi na mitano hakuwa ameutembea. Jillo alikuwa kwenye baraza ya nyumba yake akisuka mgono wa kuvulia kambare, anapapasa fito kwa vidole kwa sababu macho yameingia ukungu. Halako alimsalimia. Mzee akaacha kusuka. Nadhani hakuamini sauti.

Nikasema tena. Mara ya pili si rahisi kuliko ya kwanza, usimsikilize atakayekuambia hivyo. Jillo alisikiliza kichwa ameinamisha. Halafu akasema, taratibu sana, "Jiwe ni mimi. Hiyo yangu, hakuna mtu ataniondolea." Nikasema ndiyo. Sikutaka kumwondolea kilicho chake. Nilikuwa nimekuja kuchukua changu.

"Lakini alikuwa napona," akasema.

"Alikuwa anapona. Asubuhi ile alisogeza kidole."

"Kidole gani?"

Nilikuwa sijaulizwa swali hilo na mtu yeyote. Nikapiga magoti, nikaushika mkono wake wa kulia, nikamgusa kidole cha shahada. Mzee akakiinua peke yake, vingine amevikunja, akakileta karibu na uso wake akikitazama kwa macho yale yasiyoona. Halako akakaa chini mbele yake, mavumbini, akaanza kulia kwa sauti. Kilio hicho nadhani alikuwa hajakilia. Mimi niliona hapo si mahali pangu tena, nikatafuta njia ya mtoni peke yangu. Sikupewa mchele.

Babako nilimwambia usiku uleule. Alichukua kofia akaenda msikitini, na tangu hapo amekuwa akienda mapema kuliko kawaida. Ananisemesha. Tumpe muda.

Jumatatu, siku utakayoanza kazi, wazee wa kina Komora watakaa Ndera. Wameniita nami nitakwenda. Sijui watataka nini. Wakitaka jambo hili lifike kwa wakubwa wa kazi yetu watakuta nimewatangulia, nimeshaiandikia ile hospitali barua nyingine, fupi kuliko hii, na kesho nikitoka kukusindikiza nitaituma. Huenda nikanyang'anywa leseni. Huenda ikawa zaidi ya hapo. Naogopa, Batuli, sitaki ujifanye huoni ninavyoogopa. Lakini usirudi. Ukirudi kunishika mkono utanifanya niombe huruma, na mimi siendi kuomba huruma, nakwenda kutoa habari iliyochelewa.

Nawe utakosea. Ningekuwa mnafiki kukuombea dua usikosee. Hakuna anayeshika mrija miaka ishirini asikosee. Siku hiyo chati itakuwa mbele yako, na maneno mazuri yatakuja yenyewe, mepesi, tayari yameshaandikwa na wengine kabla yako. Andika kilichotokea. Andika saa, andika sekunde, andika mkono wa nani. Mkuu wako akikuambia acha tu, mgonjwa alikuwa mahututi, jua kwamba mahali fulani kuna Jillo anayesubiri kupewa dhambi hiyo aibebe.

Sikuombi unisamehe leo. Mchele ule uliula bila kujua, na sasa unajua. Una haki ya kukasirika kwa kadiri na kwa muda utakaopenda. Nakuomba moja. Habari hizi zitafika huko kabla hujazoea njia ya bwenini, manesi tunajuana. Kuna siku mtu atakuvuta pembeni akuulize kama wewe ni binti wa yule nesi wa Garsen. Usinitetee na usinikane. Mwambie ndiyo, na umtajie jina langu lote, kisha urudi kwa mgonjwa wako.

Mungu akutangulie, na akubakishe karibu na kweli hata pale itakapokuwa chungu.

Mamako,
Saumu binti Athman